Sanamu ya Wissmann na Sisi Wana-Pangani

Ndugu wana-Pangani, wengi wetu tukifika Dar es Salaam hupita kwenye Sanamu ya Askari, pale Posta. Wachache tunajua kwamba hapo palikuwa na sanamu nyingine, na kwamba habari yake inaanzia kwetu.

Mwaka 1888 watu wa Pangani waliikataa bendera ya kampuni ya Wajerumani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim. Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi la kukodi. Julai 1889 Pangani ilitekwa, na tarehe 15 Desemba Abushiri alinyongwa hapa hapa mjini kwetu.

Mwaka 1909 Wissmann alisimamishiwa sanamu ya shaba Dar es Salaam. Chini yake askari Mwafrika alimtazama juu, huku akimfunika simba mfu kwa bendera. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, sanamu iliondolewa, ikapelekwa London. Mwaka 1922 ilisimamishwa tena Hamburg, mbele ya Chuo Kikuu, hadi wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968. Askari tunayemwona leo aliwekwa mwaka 1927.

Aliyetushinda alisimamishwa katika miji miwili. Habari za babu zetu tunazo midomoni mwa wazee, nao wanapungua kila mwaka. Ndiyo maana sehemu ya michango ya mwaka huu itatumika kurekodi masimulizi yao na kuyachapisha, watoto wetu wayasome shuleni. Tunaomba kila mmoja achangie kwa uwezo wake.