Moto, Ukame na Kalenda ya Bonde

Msomaji anayeifungua historia ya Bonde la Kilombero hukutana kwanza na maji. Mto unaolipa Bonde jina lake hufurika masika, na nyanda zilizolala kati ya Milima ya Udzungwa na Milima ya Mahenge hugeuka kuwa ziwa. Zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji hutoka huku. Kwa miongo mingi aliyetaka kutoka Ifakara kwenda Mahenge alingoja kivuko, hadi daraja lilipofunguliwa rasmi mwaka 2018. Ndiyo maana wageni humdhania mkaaji wa Ifakara kuwa ni mtu wa kuhofia gharika tu. Lakini baada ya masika huja kiangazi, na majani yaliyoneemeshwa na maji hayo hayo hukauka yakiwa marefu kuliko mtu. Hapo moto hushika zamu yake.

Katika miaka mia moja inayoadhimishwa na kitabu hiki, hakuna kizazi kilichoishi Bondeni bila moto wa nyika. Radi huwasha moto mara chache, kwa kuwa aghalabu huja pamoja na mvua. Karibu moto wote umewashwa na mkono wa mwanadamu, na kila mkono ulikuwa na sababu yake. Mkulima wa mpunga alisafisha shamba. Mvuvi alifungua njia katika matete. Mwindaji alitaka majani mabichi yachipue ili sheshe wavutwe mahali anapowaona. Mrina asali alipanda mtini na kienge cha moshi, na pengine alishuka bila kukizima vema. Mtu mmoja tu alikuwa na sababu ya kuomba moto usubiri: yule aliyehitaji nyasi za kuezekea, ambaye asipozikata mapema alibaki na majivu.

Mambo haya yote yalipatanishwa na wakati. Aliyewasha mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, mashina yakiwa bado na unyevu, alipata moto mfupi uliotambaa chini na kufa wenyewe umande ulipoanguka, au ulipokutana na bwawa ambalo halijakauka. Moto wa namna hiyo uliacha mabaka yaliyoungua katikati ya majani mazima, na mabaka hayo yakawa ngao baadaye. Aliyewasha Septemba, pepo kavu zikivuma, alipata moto mwingine kabisa: unaruka njia, unapanda hadi vilele vya miti, unaingia kijijini pasipo hodi.

Ukame huivuruga hesabu hiyo katika ncha zake zote mbili. Masika yakiwa haba, mto haufuriki kwa kiasi chake, mabwawa hukauka mapema, na siku za moto wa upole hupita wakati watu wangali wameinama wakivuna mpunga. Vuli ikikosekana, kiangazi hukosa mwisho. Majani yaliyosalimika Oktoba huwa bado makavu Desemba, hata Januari.

Karne iliyopita ilianza kwa moto wa aina nyingine. Vita vya Maji Maji vilifika Bondeni Agosti 1905. Wambunga waliliteka boma dogo la Ifakara, na tarehe 30 Agosti boma la Mahenge likashambuliwa. Majeshi ya Wajerumani yalijibu kwa kuchoma vijiji, maghala na mazao yaliyokuwa shambani, ili njaa iimalize kazi ambayo bunduki haikuimaliza. Waliosalimika walikuwa wachache na dhaifu. Mashamba mengi yaliyoachwa yalirudi kuwa majani, na majani hayo hayakuwa tena na mwenyewe wa kuyachoma kwa wakati.

Makanisa ya mwanzo yalijengwa kama zilivyojengwa nyumba za waumini wake, kwa miti, udongo na paa la nyasi, na paa la nyasi linatosha cheche moja. Desturi ya kufagia uwanja wa nyumba mpaka udongo ubaki mtupu, ambayo wageni waliisifu kuwa ni usafi tu, ilikuwa pia kinga dhidi ya nyoka na moto. Mabati yalipoenea yalileta joto, na mvua ikinyesha mahubiri hayasikiki. Hata hivyo usingizi wa Septemba ukawa mtamu zaidi. Serikali ya kikoloni ya Waingereza nayo ilitunga sheria ya kuzuia moto wa majani, ingawa maofisa wake wa misitu walikuja kukubali kwamba kuchoma mapema ni afadhali kuliko kungoja moto wa mwisho wa kiangazi. Wenyeji walikuwa wakilijua hilo kabla ya ofisi hizo kujengwa.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja baada ya Uhuru, tena kwa nia njema. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikipita Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Katika miaka hiyo hiyo watu waliokuwa wametawanyika mashambani na kando ya mito walikusanywa katika vijiji vya ujamaa, vingi vikiwa kandokando ya reli na barabara. Shule na zahanati zikawa karibu. Mashamba ya mpunga, hata hivyo, yalibaki kule kule kwenye mbuga, na familia ziliendelea kuhamia huko msimu wa kilimo na kukaa katika madungu kulinda mazao dhidi ya ndege na nguruwe. Kilichokatika ni ule uangalizi wa kiangazi. Aliyekuwa akiishi katikati ya majani alijua siku ya kuyachoma. Aliyehamia kijijini alirudi shambani Oktoba au Novemba, akakuta majani ya mwaka mzima, akawasha kwa haraka kabla mvua hazijamwahi. Jambo hili halikuandikwa katika mpango wowote, wala halikukusudiwa na mtu.

Kwa upande wa Kidatu, kiwanda cha sukari kilichoanza miaka ya 1960 kilileta zao ambalo lenyewe huvunwa kwa moto. Shamba la miwa huchomwa ili majani yaondoke na wakataji wapite. Moto ukiwashwa kwa ratiba, ni chombo cha kazi. Ukiingia bila kuitwa, mkulima mdogo hana muda wa kulia: mua ulioungua hupoteza sukari siku baada ya siku, na usipokatwa na kufika kiwandani upesi, ni hasara tupu. Mashamba ya wakulima hao hugusana, hivyo uzembe wa mmoja huwa deni la jirani kumi. Katika mwaka wa ukame bua lenyewe huwa limekauka, na deni hilo huongezeka.

Ukame uliokumbukwa kuliko mingine katika miaka ya karibuni ni ule wa 2005 na 2006. Vuli ya mwaka 2005 ilishindwa, mabwawa ya kuzalisha umeme yakapungua, na Taifa zima likaingia katika mgao wa umeme. Bwawa la Kidatu, lililo mlangoni mwa Bonde, lilikuwa miongoni mwa yaliyotajwa kila siku redioni. Serikali ikaelekeza macho kwenye vyanzo vya maji. Wafugaji wakaondolewa Usangu, na baadhi yao wakateremka na mifugo yao hadi Kilombero, ambako ndugu zao walikwisha kufika tangu miaka ya mwisho ya 1980. Mfugaji huchoma apate majani mabichi wakati wa shida, yaani katikati ya kiangazi, siku ambazo mkulima anaogopa hata kupika nje. Kalenda mbili zikakutana katika mbuga moja. Mwaka 2012 operesheni ya Serikali iliwaondoa wafugaji wengi pamoja na ng'ombe wao, na uchungu wake haujaisha pande zote mbili. Ni rahisi kumtaja mgeni kuwa ndiye chanzo cha moto. Haki inadai isemwe kwamba katika mashitaka hayo kila mshitaki alikuwa na kiberiti nyumbani kwake.

Walioumia bila kushitaki ni miti. Msitu mbichi wa mteremko wa mashariki wa Udzungwa, uliomo katika Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1992, hauungui kirahisi, kwa sababu kivuli chake hutunza unyevu. Misitu midogo ya bondeni haina bahati hiyo. Magombera, uliozungukwa na mashamba na kutangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2019, una kingo ndefu kuliko kina chake. Ukingo ukiungua mara moja jua huingia, nyasi na mitambaa hushika nafasi, na moto wa mwaka unaofuata hupiga hatua chache zaidi ndani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilitenga sehemu yake kwa mambo ya moto, na vijiji vikatunga sheria ndogo. Ugumu ni kwamba katazo huwafanya watu wawashe kwa siri, na anayewasha kwa siri hakai kuulinda moto wake. Vijiji vilivyokubaliana siku ya kuchoma, na kulima njia za kuzuia moto kwanza, vilihitaji mikono mingi katika majuma yale yale ya mavuno. Hapo ndipo mapatano mengi yalipovunjikia.

Mwezi Juni, anayesimama darajani Kilombero huona moshi mweupe, mzito, ukipanda taratibu kutoka mbugani, maana majani yangali na maji ndani yake. Kufika Septemba moshi huwa mwembamba wa rangi ya kahawia, nao hulala upande upepo unakokwenda. Katika vijiji vya ng'ambo watu huutazama jioni kabla ya kufunga milango, na maji hubaki ndooni nje ya nyumba hadi asubuhi.