Rasilimali za kufundishia za mtandaoni: Rongo, Migori na Homa Bay

Rasilimali za kufundishia za mtandaoni ni miundo ya mtaala, hadithi, video, majaribio ya sayansi, mazoezi na kozi ambazo mwalimu huzipata kwa intaneti ili azitumie darasani au ajiendeleze mwenyewe. Rongo ni mji wa kaunti ya Migori ulio kwenye barabara kuu ya Kisii–Migori, pale njia ya Homa Bay inapochepuka. Hapo rasilimali hizi huhitajiwa na walimu wa kaunti zote mbili na vilevile na wanafunzi wa ualimu. Pana Chuo Kikuu cha Rongo, kilichoanza 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi na kupewa hati yake tarehe 7 Oktoba 2016. Jirani kipo chuo cha Kiadventista cha Kamagambo, na mbali kidogo vyuo vya ualimu vya Migori na Asumbi, hiki cha mwisho kikiwa upande wa Homa Bay.

Mtandaoni mna mengi kuliko awezavyo kuyasoma mtu mmoja. Maswali mawili huyachuja haraka: je, yanalingana na mtaala wa sasa, na je, yatatumika bando likiisha?

Mtaala na tathmini

Chanzo cha kwanza ni tovuti ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, inayotoa bure miundo ya mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza rasmi madarasani Januari 2019. Kila mada ndogo ina matokeo maalumu yanayotarajiwa, mapendekezo ya shughuli za ujifunzaji na maswali dadisi.

Walimu wengi hawaanzii hapo. Huanzia kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, ambako maazimio ya kazi yaliyokwisha kuandikwa huuzwa au hugawiwa kwa PDF, yakachapishwa saiba na kufikishwa kwa mwalimu mkuu yakiwa na jina jipya juu. Njia hii huokoa saa nyingi za kuandika, wala haifai kubezwa. Ubaya wake ni umri wa faili. Mwaka 2024 KICD ilitoa miundo iliyopunguzwa, na masomo ya sekondari msingi yakashuka kutoka 14 hadi 9. Elimu ya afya iliingizwa katika sayansi jumuishi, nayo sayansikimu ikaunganishwa na kilimo. Azimio la gredi ya 7 linaloonyesha elimu ya afya kama somo la pekee ni la kutupwa, hata likiwa limepangwa vizuri namna gani.

Baraza la Mitihani, KNEC, huweka zana za tathmini za shuleni kwenye tovuti yake. Shule huzipakua, huwafanyisha wanafunzi, kisha hupeleka alama kwa njia iyo hiyo. Mfumo wa Tume ya Kuajiri Walimu wa kutathmini utendaji wa walimu, TPAD, ulioanza 2016, hutajwa mara nyingi pamoja na hizi. Hiyo si rasilimali ya kufundishia. Ni fomu, ijapokuwa nayo hula bando.

Rasilimali huria

Rasilimali huria ni zile ambazo mwenye hakimiliki ameruhusu zinakiliwe, zigawiwe na zirekebishwe bila malipo, mara nyingi kwa leseni za Creative Commons. UNESCO ilizipa jina la pamoja mwaka 2002. Kitu cha bure si lazima kiwe huria: video ya YouTube hutazamwa bila kulipa, lakini kwa kawaida mwalimu hana ruhusa ya kuikata na kuitafsiri.

Kwa Rongo, yenye thamani kubwa kuliko zote huenda ni African Storybook, iliyozinduliwa 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini. Ni maktaba ya hadithi fupi za watoto zenye picha, kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Dholuo zikiwemo. Sera ya Kenya inataka gredi za mwanzo zifundishwe kwa lugha ya eneo, ilhali vitabu vya watoto vya Dholuo ni vichache sana vikilinganishwa na vya Kiingereza. Hapa mwalimu hapokei tu: anaweza kutafsiri hadithi, kuirahisisha, kuandika yake kwa kutumia picha zilizopo, kisha kuichapa.

TESSA, iliyoanzishwa 2005 chini ya Open University ya Uingereza, ina vipengele vya mafunzo ya ualimu, vingine kwa Kiswahili. Ubongo ya Tanzania hutoa katuni za hesabu na malezi.

Bila mtandao

PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, iliyoanzishwa 2002 na mwanafizikia Carl Wieman, ina majaribio ya kuigiza ya fizikia, kemia na hesabu. Mengi hupakuliwa kila moja kama faili moja, nayo hufunguka bila intaneti. Programu ya Kolibri hufanya zaidi: kompyuta moja iliyojazwa masomo huyagawa kwa vifaa vya karibu kupitia Wi-Fi, bila bando. Kuanzia 2016 serikali iligawa vishikwambi zaidi ya milioni moja kwa shule za msingi za umma, na penye vishikwambi ambavyo bado vizima, mpango wa namna hii unafaa kujaribiwa. Kwa simu ya kawaida ya vibonyezo, kampuni ya Eneza ilianzisha Shupavu 291, masomo na maswali kwa ujumbe mfupi.

Kwa mwanafunzi wa usanifu wa mafunzo

Kozi nyingi za usanifu wa mafunzo, yaani kupanga masomo na nyenzo zake, huanza na ADDIE, utaratibu uliotungwa Florida State University mwaka 1975 kwa ajili ya jeshi la Marekani: kuchanganua, kusanifu, kutengeneza, kutekeleza, kutathmini. Hatua ya kwanza ndiyo hurukwa zaidi. Kitabu cha Tony Bates, Teaching in a Digital Age (2015), na maktaba ya EdTech Books husomwa bure. Moodle, programu huria ya kuendeshea kozi iliyotolewa 2002, huwekwa hata kwenye kompyuta ya nyumbani, na H5P hutengeneza maswali na video shirikishi ndani yake.

Anayetafuta mradi wa muhula achague hadithi moja ya African Storybook, aitafsiri kwa Dholuo, aijaribu katika gredi ya 2 iliyo karibu, airekebishe kisha aipakie. Leseni inamruhusu.