Chapo, Moyo wa Kima na Kiondo

Kumfundisha mtoto wa Nairobi habari za dunia si lazima uanze na ramani. Anza na chapo madondo.

Kila Jumamosi mchana mimi hukaa na watoto kumi na kitu kwenye ukumbi wa mtaa wetu hapa Eastlands. Tunapika kidogo, tunasoma hadithi, tunasokota kamba. Nilianza kwa sababu ya zile siku za utamaduni ambazo sote tunazijua: bendera ukutani, sahani ya pilau ya “Wahindi”, kofia ya karatasi ya “Wachina”, picha mbili tatu, basi. Mtoto anarudi nyumbani akiamini kwamba tamaduni za dunia ni mambo ya watu wengine, na kwamba mwenzake darasani mwenye jina lisilo la kawaida ni mgeni. Hilo la pili ndilo linalonisumbua, maana hapa Kenya neno “mgeni” limewahi kuwanyima watu vitambulisho.

Basi tunaanza na unga. Watoto wanakanda, wanapaka mafuta, wanaviringisha, wanasukuma tena ili chapati itoke na tabaka. Mikono ikiwa kazini, masikio yako wazi. Nawaambia kwamba wafanyabiashara kutoka India walikuwa wakifika pwani yetu zamani sana. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498 aliwakuta huko tayari. Halafu ikaja reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta zaidi ya wafanyakazi 30,000 kutoka India kujenga njia kutoka Mombasa hadi Kisumu. Karibu 2,500 walifia kazini. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao, lakini elfu kadhaa walibaki hapa, wakafungua maduka na kulea watoto. Chapati ilizoea mikono yetu hadi ikawa chakula cha Krismasi kijijini, cha kushindaniwa na mabinamu. Mwaka 2017 serikali iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Chapati ilikuwa imeshatambuliwa kitambo.

Na yale madondo? Maharagwe haya ya kawaida asili yake ni bara la Amerika, sawa na mahindi. Watoto hubisha sana kuhusu mahindi. “Si jina lenyewe linasema Hindi?” Jina linadanganya. Mmea huo ulianza kulimwa Mexico miaka kama 9,000 iliyopita, na Wareno ndio waliouleta Afrika baada ya mwaka 1500. Kwa hivyo ugali, ambao tunauapia kama chakula cha mababu, babu wa babu zetu wa kale hawakuupika kwa mahindi. Walipika wa wimbi na mtama.

Tukishashiba tunafungua kitabu. Kuna kisa cha kima na papa ambacho huenda ulisimuliwa ukiwa mdogo. Kima anakaa juu ya mkuyu ufukweni, anamrushia rafiki yake papa matunda. Siku moja papa anamwalika kwao, na wakiwa katikati ya bahari anamwambia ukweli: sultani wa papa ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hatetemeki. Anasema, ala, mbona hukuniambia mapema? Sisi tukisafiri huacha mioyo mtini. Papa anamrudisha ufukweni, na kima anapanda juu, hashuki tena.

Kisa hicho kilichapwa kwa Kiswahili mwaka 1870 na Edward Steere, aliyekusanya hadithi Zanzibar. Lakini kimo pia kwenye Panchatantra, kitabu cha Kisanskriti cha India, na huko adui ni mamba. Katika karne ya nane Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu ndani ya Kalila wa Dimna, na mamba akawa kasa. Kilipofika kwetu akawa papa, maana watu wa pwani wanamjua papa. Huwa nawaomba watoto wakihamishie mtaani. Wiki jana papa alikuwa boda boda, na moyo ulikuwa umeachwa nyumbani kwenye chaji.

Mwisho tunashika mkonge. Kiondo ni kazi ya wanawake wa Ukambani na Gikuyu tangu zamani, na nyuzi zake zilitoka kwenye miti ya hapa, kama magome ya mbuyu. Mkonge wenyewe ni mgeni kutoka Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Ukaenea, ukavuka hadi Kenya, na wasusi wetu wakaona kwamba ni imara.

Lakini mashamba ya mkonge yalihitaji watu. Kuanzia miaka ya 1930 Wamakonde kutoka Msumbiji, mabingwa wa kuchonga mpingo, walikuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa ya pwani. Walizaa, wakazeeka, wakazikwa hapa. Hata hivyo, kwa miongo mingi hawakuwa na uraia. Bila kitambulisho huwezi kufungua akaunti ya benki, huwezi kupata kazi rasmi, huwezi kupiga kura. Oktoba 2016 wakaanza safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais, na mwaka uliofuata wakatambuliwa kuwa kabila la 43.

Hapo ukumbi hunyamaza kidogo. Msichana mmoja wa miaka tisa aliwahi kuuliza: “Kwani mkonge ulipata kitambulisho lini?” Nilimwambia mkonge haukuwahi kuulizwa. Akasema basi si haki, akaendelea kusokota.

Sina silabasi. Kila mtoto huenda nyumbani na kazi moja: achague kitu jikoni, amuulize nyanya au jirani kilifika vipi. Jumamosi ijayo ni zamu ya majani chai, na mama mmoja ameahidi kuleta maziwa.