Ufundi Uliokomaa kwenye Simu Ndogo

Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza majaribio ya huduma mpya mjini Thika na katika baadhi ya mitaa ya Nairobi. Lengo lilikuwa dogo: wateja wa Faulu Kenya, shirika la mikopo midogo, warejeshe mikopo yao kwa simu badala ya kubeba noti mkononi. Programu yenyewe iliandikwa na wahandisi wa Sagentia, kampuni ya Cambridge, Uingereza. Muda si mrefu wateja wakaanza kuitumia wapendavyo. Walitumiana pesa wao kwa wao, wakawanunulia vocha jamaa walio mbali. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliosimamia kazi hiyo, walilitazama jambo hilo na kuligeuza kuwa huduma kamili. Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa Kenya kwa ajili ya kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata Vodacom ikaifikisha Tanzania.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa na wachumi. Waandishi wa programu za simu nao wana sehemu yao ndani yake, na haijapewa heshima inayostahili, kwa sababu mbinu nyingi wanazozitumia Afrika Mashariki leo zilikomaa katika miaka ile ya simu za vitufe.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa mahali pa kuiweka programu. Simu za wakati huo zilikuwa za kila aina, na nyingi hazikuweza kupakua chochote. Kitu kimoja tu zilikuwa nacho zote: laini. Menyu ya M-Pesa ikawekwa humo humo kwenye laini, ikawa inafunguka hata kwenye simu ya bei ya chini kabisa. Mteja alichagua kutuma pesa, akaandika namba, kiasi na namba ya siri. Laini ikayafunga hayo yote kwa usimbaji na kuyapeleka kama ujumbe mfupi.

Ujumbe mmoja mfupi hubeba baiti 140 tu. Unaweza kuchelewa, unaweza kupotea, na simu inaweza kuishiwa chaji katikati ya safari yake. Kwa hiyo salio halikukaa kwenye simu hata kidogo. Lilikaa kwenye seva, na neno la mwisho lilikuwa la seva. Kila muamala ulipewa namba yake ya pekee, kisha mtumaji na mpokeaji wote wawili wakapata ujumbe wa kuthibitisha. Simu ikiibwa au ikianguka kisimani, pesa ziko palepale.

Shida ya menyu ya kwenye laini ni kwamba si rahisi kuibadilisha, na mwandishi wa nje hakuwa na njia ya kuingiza yake. Vijana waliotaka kujenga huduma zao wakageukia misimbo ya nyota na reli, ile ya USSD. iCow, huduma ya wafugaji iliyobuniwa na Su Kahumbu, ilipatikana kwa *285#. Africa's Talking, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010, iliwafungulia waandishi wadogo mlango huo bila kila mmoja kwenda kubisha hodi kwenye kampuni za simu.

Namna inavyofanya kazi inastahili kutazamwa kwa karibu. Tuseme mteja amepiga msimbo, akabonyeza 1, kisha 2, kisha akaandika 500. Kinachofika kwa mwandishi kupitia Africa's Talking ni mstari mmoja tu: 1*2*500. Programu huukata mstari huo kwenye nyota, ikahesabu vipande, na kwa hesabu hiyo ikajua mteja amefika hatua gani. Jibu likianza na CON, mazungumzo yanaendelea. Likianza na END, yamekwisha. Hakuna kitufe cha kurudi nyuma isipokuwa mwandishi amekitengeneza mwenyewe, na skrini nzima haizidi herufi 182. Kiswahili, chenye maneno marefu, kilihitaji kupogolewa kwelikweli ili machaguo matano yaenee.

Tena kikao cha USSD kina muda wake. Mteja akisita kidogo kutafuta namba ya mtu, mazungumzo yanakatika. Waliobobea walijifunza kuhifadhi kila hatua mara tu inapokamilika, ili anayepiga tena aendelee alipoachia, na kuyaweka juu kabisa yale yanayobonyezwa sana.

Simu janja zilipokuja, ufundi huo ulihamia nazo. AMPATH, mpango wa afya wa magharibi mwa Kenya, ulitumia Open Data Kit, programu iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, kukusanya taarifa za upimaji wa VVU nyumba kwa nyumba. Fomu ilijazwa na kubaki ndani ya simu, kisha ikatumwa mtandao ulipopatikana. Mwaka 2011 Safaricom ikaanza kuuza Huawei IDEOS kwa takriban shilingi 8,000 za Kenya. Ilikuwa simu ya Android yenye megabaiti 256 tu za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Programu iliyopakia picha kubwa zote kwa mpigo iliganda hapo hapo.

Mwaka 2017 Safaricom ilifungua Daraja, mfumo unaoruhusu programu yoyote iliyosajiliwa kuomba malipo ya M-Pesa. Programu hutuma namba ya mteja na kiasi; kwenye simu ya mteja hujitokeza kidirisha cha kuweka namba ya siri. Hapa ndipo wengi wanaoanza huteleza. Jibu la kwanza linasema tu kwamba ombi limepokelewa, wala si kwamba pesa zimelipwa. Matokeo huja baadaye kwenye seva ya mwuzaji: 0 kama malipo yamekamilika, 1032 kama mteja ameghairi. Mara nyingine hayafiki. Mwandishi mzoefu huiacha oda katika hali ya kusubiri, huuliza mwenyewe hali ya muamala kukiwa kimya, na huiweka namba ya risiti kwenye safu ya hifadhidata inayokataa marudio, ili taarifa moja ikiingia mara mbili mzigo usitoke mara mbili.