Dioptazi: jiwe ya kijani yenye tunauzisha kwa kilo

Wandugu, sisi wote wa Katanga tunajua malakiti. Lakini kuko ndugu yake yenye wengi hatujui hata jina: dioptazi. Rangi yake ni kijani kama ya zumaridi, na inang'aa mpaka ndani.

Hiyo rangi ilidanganya watu zamani. Mwisho wa miaka ya 1700, wachimbaji wa shaba kule Kazakstani walifikiri wamepata zumaridi. Lakini zumaridi ina ugumu wa 7,5 mpaka 8 ku kipimo cha Mohs. Hii ilikuwa na 5 tu. Mu 1797 Mfaransa René-Just Haüy akaonyesha kwamba ni jiwe mpya. Jina alilolipa kwa Kigiriki lina maana ya kuona ndani, juu mistari yenye inapasukia inaonekana bila kuvunja jiwe.

Sisi wa agronomia tunaelewa haraka namna inazaliwa. Maji ya mvua inashuka mu udongo, inayeyusha shaba, inaibeba. Kwenye inakutana na silika mu nyufa za mawe, kristali inaota polepole. Ndiyo maana inapatikana ku tabaka za juu za mgodi. Kwetu imetoka Tantara, upande wa Kambove, na Mashamba-Ouest kule Kolwezi.

Sasa, bei? Sonara haipendi sana: inakwaruzika, inapasuka mbio. Wenye kuitafuta ni watu wa kukusanya mawe. Wao wanalipia kristali nzima, ncha zake zote, ingali imekaa ku jiwe lake. Lakini ndani yake kuko shaba karibu 40 kwa mia, na ku kinu ni hiyo tu inahesabiwa. Nyundo moja, na kitu cha makumbusho kinaingia mu mufuko pamoja na mengine.

Wazee wetu wa Upemba walikuwa na hesabu ingine. Mu makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu waliochimba mu 1957 na 1958 walikuta misalaba ya shaba karibu na maiti. Baadaye misalaba ya namna hiyo ilitumika kama franga. Shaba ilitoka mbali, kusini, lakini ilifika na umbo na maana. Kisha Union Minière ikaanzishwa mu 1906, na mu 1928 reli yenye kupita Kamina ikafika Ilebo. Tangu pale tukajifunza kuhesabu tani. Tani haiulize jiwe limetoka shimo gani.

Mwenye kukusanya mawe anauliza hilo mbele ya yote. Bila jina la mgodi, bei inashuka hata kama kristali ni nzuri. Kazi hiyo haiombe mashine: kupima, kupiga picha, kufunga mu karatasi, kuandika mahali na tarehe. Ni kazi ya mtu aliyesoma. Kama sisi hatuandiki, ataandika ule mwenye kununua, na bei ataipanga yeye.