Profesa Joyce Ndalichako: Elimu, Utumishi na Vipaumbele

Profesa Joyce Ndalichako ni mwanataaluma na mwanasiasa wa Chama cha Mapinduzi, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Kasulu Mjini, mkoani Kigoma, katika Uchaguzi Mkuu wa 2020.

Utumishi. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akatunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada. Alikuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani la Tanzania tangu 2005 hadi 2014. Desemba 2015 Rais John Magufuli alimteua kuwa mbunge na Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Januari 2022 alihamishiwa Ofisi ya Waziri Mkuu, kusimamia kazi, vijana, ajira na wenye ulemavu.

Vipaumbele. Akiwa waziri wa elimu, ulianza utekelezaji wa elimu bila ada hadi kidato cha nne, Januari 2016. Tarehe 24 Novemba 2021 alitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, wataruhusiwa kurejea katika shule za kawaida.

Tangazo hilo linazigusa moja kwa moja familia za Kasulu na Kibondo. Waziri aweza kufungua mlango wa shule. Lakini binti aliyejifungua hatauvuka asipopata wa kumlelea mtoto, wala akisimangwa njiani. Wajibu huo hauko bungeni. Uko kwa wazazi, kwa baba wa mtoto, na kwa jumuiya zetu ndogo ndogo.