Sehemu ya 4: Hizi siku 84 za likizo ya uzazi zilitoka wapi?

Tangu niandike sehemu ya 3, ile ya kurudi kazini huku unanyonyesha, swali linalojirudia kwenye ujumbe wenu ni hili: "Nesi, nani alikaa akaamua ziwe wiki kumi na mbili? Mbona kliniki mnatuambia miezi sita maziwa ya mama tu, bila hata maji?" Jibu lake ni historia, na ni ndefu kidogo. Mlaze mtoto kwanza, halafu urudi tusome.

Twende Ulaya, karne ya 19. Viwanda vya nguo vimejaa wanawake, wengi wao wadogo, wanasimama kwenye mashine saa kumi na mbili au zaidi. Mama anajifungua, na siku chache baadaye yuko mashineni tena kwa sababu asipofanya kazi hakuna mshahara. Mtoto anabaki kwa bibi au jirani, anapewa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, au mkate uliolowekwa. Chupa haichemshwi. Mnajua kinachofuata: kuhara, kukauka maji mwilini, jeneza dogo. Miji ya viwanda ilizika watoto wachanga wengi mno.

Mjini Mulhouse, mashariki mwa Ufaransa, kulikuwa na mwenye kiwanda cha nguo aitwaye Jean Dollfus. Miaka ya 1860 alijaribu jambo dogo tu: mwanamke akijifungua akae nyumbani wiki sita na aendelee kupata fedha kutoka kwenye mfuko maalumu. Vifo vya watoto wachanga wa wafanyakazi wake vikapungua waziwazi. Hakukuwa na dawa mpya wala chanjo. Mama alikaa na mtoto akamnyonyesha, basi.

Mngetegemea wenye viwanda wote waige. Hawakuiga, na kisingizio chao kilikuwa kimoja: mimi nikimlipa mzazi akae nyumbani, nguo zangu zitapanda bei, na jirani wa nchi ya pili ataniua sokoni. Uswisi ilijaribu peke yake. Sheria yake ya viwanda ya 1877 ilimpa mzazi wiki nane, sita kati ya hizo baada ya kujifungua, lakini bila malipo. Mimi hiyo naiita likizo ya njaa. Ndipo likaja wazo la mikutano ya kimataifa: kama tatizo ni ushindani kati ya nchi, basi nchi zikae pamoja zikubaliane kwa mara moja.

Mkutano wa kwanza wa namna hiyo uliokutanisha serikali ulifanyika Berlin, Machi 1890, ukiitishwa na Mfalme Wilhelm wa Pili wa Ujerumani. (Siyo ule wa 1884 hadi 1885 wa kugawana Afrika. Mji ni huohuo, na ni miaka mitano tu imepita. Waliotoka kugawana bara letu wakaanza kujadili huruma viwandani kwao.) Wajumbe walisema mzazi asirudi kazini kabla ya wiki nne kuisha. Lakini lilikuwa pendekezo tu, na hakuna nchi iliyofungwa nalo. Mwaka 1906 wakakutana Bern, Uswisi. Safari hii walitoka na mikataba yenyewe: mmoja wa kupiga marufuku fosforasi nyeupe kwenye viberiti, ile iliyokuwa inaozesha mifupa ya taya ya watengeneza viberiti, na mwingine wa kuzuia wanawake kufanya kazi za viwandani usiku. Sisi manesi huo wa usiku haukutugusa, kama mnavyotuona wodini saa tisa za usiku. Kuhusu uzazi, hawakutoka na mkataba wowote.

Sasa tufike kwenye mkutano wenyewe. Vita ya Kwanza ya Dunia imeisha. Wanaume wamekufa kwa mamilioni, wanawake wameshikilia viwanda miaka minne, na serikali zina hofu mbili: watu kuasi, na watoto kuwa wachache. Mkataba wa amani wa Versailles ukaunda Shirika la Kazi Duniani, na mkutano wake wa kwanza ukafunguliwa Washington, Marekani, tarehe 29 Oktoba 1919. Kila nchi iliruhusiwa wajumbe wanne wenye kura: wawili wa serikali, mmoja wa waajiri, mmoja wa wafanyakazi.

Nadhani mmeshahisi. Mwanamke mwenye kura hakuwepo hata mmoja. Ukumbi mzima wa wanaume wanajadili lini mwanamke anyanyuke kitandani baada ya kuzaa.

Wanawake walikuwepo kama washauri. Versailles ilisema mambo ya wanawake yakijadiliwa, angalau mshauri mmoja awe mwanamke. Lakini mshauri hapigi kura, na hawezi kusema mpaka mjumbe wake amwombee nafasi. Kulikuwa na Margaret Bondfield wa Uingereza, aliyeanza maisha kama muuza duka akiwa binti mdogo. Kulikuwa na Jeanne Bouvier wa Ufaransa, fundi cherehani. Na kulikuwa na Tanaka Taka wa Japani, ambaye alikuwa mjamzito akiwa humohumo mkutanoni, akazungumza juu ya wasichana wanaofanyishwa kazi za usiku katika viwanda vya nguo vya kwao, na waajiri wa nchi yake hawakufurahi kabisa.

Hawa hawakusubiri kuombewa nafasi. Siku moja kabla, tarehe 28 Oktoba, vyama vya wanawake wafanyakazi vilifungua mkutano wao hapohapo Washington, chini ya Margaret Dreier Robins wa Marekani. Wakabishana wenyewe kwa wenyewe (msidhani walikuwa kitu kimoja), wakapitisha madai yao, kisha wakayapeleka kwenye ukumbi wa wanaume.

Kilichotoka mwishoni mwa Novemba kinaitwa Mkataba Na. 3, wa kulinda uzazi. Nimeusoma wote, ni mfupi. Mama asifanye kazi wiki sita baada ya kujifungua. Ana haki ya kuondoka wiki sita kabla, akiwa na cheti cha daktari. Alipwe kiasi kinachomtosha yeye na mtoto kuishi kwa afya, na atibiwe bure na daktari au mkunga aliyesajiliwa. Akirudi, apewe nusu saa mara mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, anyonyeshe. Na asifukuzwe akiwa likizo.

Sita na sita, kumi na mbili. Wiki kumi na mbili ni siku 84. Chukua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, utazikuta hizo siku 84, na 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Utakuta pia kwamba huruhusiwi kufanya kazi wiki sita za mwanzo mpaka daktari athibitishe unaweza. Kenya sheria yao ya 2007 inasema miezi mitatu, ni hapohapo. Kwa hiyo mama, hesabu inayokurudisha ofisini mtoto ana miezi mitatu haijatoka kliniki. Imetoka kwenye maelewano ya mwaka 1919, wakati ambapo kupata hizo tu kulikuwa ni vita.

Wiki sita zenyewe zina maana mwilini, hapo nawatetea. Ndio muda mji wa mimba unaorudi saizi yake na damu ya uzazi kukatika. Bibi zetu hawakwenda Washington lakini walijua: arobaini ni siku 40, wiki sita ni siku 42. Mzazi anakandwa, anakunywa uji na supu, hashiki jembe wala ndoo. Ila arobaini ni ya mwili wa mama. Ya mtoto ni miezi sita ya maziwa, na hiyo haikuwa akilini mwa wajumbe.

Kuna vifungu viwili napenda sana. Kimoja kinasema mama ni mama, awe ameolewa au hajaolewa, na mtoto ni mtoto, awe wa ndani ya ndoa au nje. Mwaka 1919! Cha pili ni cha kwetu sisi wa wodini: daktari akikosea kukisia tarehe, mama asinyimwe malipo yake. Mnajua ile tarehe ya matazamio kwenye kadi? Wanaojifungua siku hiyohiyo ni wachache mno. Yaani kuna mtu kule Washington alijua hilo, akahakikisha kosa la makisio halimwangukii mjamzito. Mpaka leo kuna ofisi zinamhoji mama kwa nini kaondoka "mapema" na mtoto kachelewa, kana kwamba alipanga yeye.

Na kuna jambo ambalo wengi wetu tumelipita. Mkataba ule ulisema fedha za mzazi zitoke serikalini au kwenye bima, zisitoke mfukoni mwa bosi. Sababu ni rahisi: bosi akijua ndiye atakayelipa, kila msichana anayekuja kuomba kazi atamtazama tumbo. Sheria yetu ya 2004 inamtaka mwajiri amlipe mama mshahara wa likizo. Wale mlioulizwa kwenye usaili "una mpango wa kuzaa karibuni?" sasa mnajua swali linatokea wapi. Mwaka 2000, Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipofikisha likizo wiki 14, likaandika wazi kwamba kumpima mwombaji kazi mimba ni marufuku, isipokuwa kwa kazi chache ambazo sheria inawakataza wajawazito au zenye hatari kwa mama na mtoto.

Marekani, wenyeji wa mkutano, mnajua waliishia wapi? Tarehe 19 Novemba 1919, wajumbe wakiwa bado wamo mjini, Seneti yao ikaukataa Mkataba wa Versailles. Wakajiunga na shirika 1934. Mkataba wa uzazi hawajauridhia, na mpaka leo hawana sheria ya taifa zima inayompa mzazi likizo yenye malipo. Uingereza nayo haikuridhia ule wa 1919, na ndiyo iliyokuwa imetwaa Tanganyika. Makoloni yaliachiwa watawala waamue. Kwa hiyo bibi aliyekuwa akivuna na kupalilia mashamba ya watu miaka hiyo hakuguswa na lolote. Tanganyika iliingia katika shirika lile 1962, baada ya Uhuru.

Halafu mkataba wenyewe ulihusu viwanda na biashara tu. Mashamba yalipata pendekezo, 1921. Wafanyakazi wa nyumbani walisubiri mpaka 2011 ndipo mkataba wao ukapitishwa, wenye kutaka dada wa kazi naye alindwe akizaa. Miaka 92. Na mama lishe, muuza mitumba, mama wa kibanda cha nyanya, yeye bosi wake ni nani? Hao ndio wengi ninaowapokea leba. Wanaondoka wodini wananiuliza lini wanaweza kubeba ndoo, na nikiwaambia wiki sita wananitazama tu.

Sasa kwa mliojiriwa: sheria yetu ya 2004 inakupa mpaka saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi kwa ajili ya kunyonyesha. Siyo nusu saa mbili za Washington, ni saa mbili kamili. Wengi hamzitumii kwa kuona aibu kuziomba. Andikeni barua, mbaki na nakala. Sehemu ya 5, Jumapili, nitaeleza kukamua kwa mkono na maziwa yanakaa saa ngapi bila friji.